Mume Aliyeruka Kutoka Gari Jekundu

Phineas aliruka.

Hakusema "shikilia". Hakusema "Mungu wangu". Aliangalia mteremko, akaangalia daraja kule chini, akaiangalia suti yake mpya... halafu akaachilia usukani na kuruka, akamwacha mke wake peke yake ndani ya gari linalokimbia.

Ilikuwa Jumapili mchana, mwaka wa pili wa uhuru, kwenye mteremko karibu na soko la Khayega. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Nusu ya soko iliona kwa macho yake.

Nanjala, mke wake, aligeuka upande wa dereva amuulize, "Baba Risper, mbona tunaenda hivi..."

Akakuta kiti kitupu.

Sasa ngojeni hapo. Kabla sijawaambia gari liliishia wapi, lazima mjue Phineas alikuwa mtu wa aina gani. Nawajua nyinyi na huruma zenu za haraka. Mtajaza komenti hapo chini, "pengine aliogopa tu, naye ni binadamu."

Someni kwanza.

Phineas alikuwa karani Kakamega mjini. Mzungu wa ofisi yao alipofunga virago kurudi kwao, Phineas akapewa kiti chake. Kiti tu, jamani. Lakini huyo mtu alikalia hicho kiti mpaka akabadilisha sauti. Akaanza kukohoa kabla ya kuongea. Akaacha kula obusuma, ugali wetu, kwa mkono mbele ya wageni, akawa anausukuma na uma sahani nzima kama anatafuta kitu kilichopotea.

Halafu akanunua gari.

Alilinunua Lugari, kwa mkulima mmoja Mzungu aliyekuwa anauza kila kitu kabla ya kuondoka. Na si gari kama magari mengine. Lilikuwa jekundu, viti viwili tu, halina paa, pua ndefu, boneti imefungwa kwa mkanda wa ngozi kama suruali ya mzee. Mfano wa yale magari ya mashindano ya Ulaya ya zamani.

Nimesema mfano. Shikeni hilo neno.

Mzungu mwenyewe alimwambia ukweli, tena kwa Kiswahili.

"Hii ni kopi. Tulijenga hapa hapa shambani. Chasisi na injini ni ya pikapu. Endesha polepole."

Phineas akaitikia yes, yes. Alipofika Kakamega, gari lilikuwa limeshazaliwa upya.

"Hili ni la Italia," aliwaambia wenzake wa ofisi. "Yako matatu tu dunia nzima."

"Hayo mengine mawili yako wapi?"

"Moja liko kwa mfalme."

"Mfalme gani?"

"Wewe utamjua wapi?"

Injini ya pikapu iliyokuwa inabebanga nguruwe, bwana. Mnaona ninavyoteseka kuwasimulia?

Nanjala alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mwenye akili kuliko huyo mume mara tatu, na alimwamini. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Alimwamini mpaka siku walipoenda Lugari kuwasalimu wakwe.

Baba yake Nanjala, marehemu Patroba, alikuwa dereva wa trekta na fundi kwenye shamba la Mzungu. Uhuru ulipokuja na mashamba yakagawanywa, familia ikapata kipande chao cha mahindi pale pale. Patroba hakukilima hata msimu mmoja, akafa. Alibaki mjane wake, Khalayi.

Sasa kwa wale hamjui mila zetu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja. Akitokea huku, mwingine anapitia kule. Kama kuna neno, linapitia kwa binti. Ni heshima, na watu waliishika vizuri.

Kwa hiyo Phineas alipoingia uani akipiga honi, Khalayi alifunika uso kwa leso na kuzunguka nyuma ya jikoni, inavyotakiwa.

Lakini kupitia upenyo wa ukuta aliliona gari. Nanjala alipomfuata jikoni, alimkuta mama amekaa kwenye kigoda, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mama, ni nini?"

"Hilo gari mmelitoa wapi?"

"Baba Risper amelinunua. Ni la Italia."

"La Italia?" Khalayi akajifuta macho. "Mwanangu, hilo gari ni la baba yako. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Aliliunda yeye na yule Mzungu wa shamba kwenye ghala la mahindi, miaka miwili. Mabati aliyagonga kwa mikono yake. Viti nilishona mimi."

Nanjala akakaa chini. Alijua baba alikuwa na kazi fulani ghalani, lakini hakuwahi kuliona gari limekwisha. Alichungulia nje, akaona mume wake anafuta vumbi kwenye pua ya gari na kitambaa cha hariri, na moyo ukamjaa. Kwamba katika magari yote ya Kenya, mume wake amelileta nyumbani gari la baba yake! Alidhani Phineas atafurahi.

"Sasa sikiliza," Khalayi akamshika mkono. "Nipelekee salamu kwa mkwe wangu. Mwambie gari ni zuri. Mwambie breki zake ni za pikapu kuukuu, hata zikikazwa namna gani hazishiki mara moja. Baba yako alikuwa anasemanga: ya kwanza salamu, ya pili swali, ya tatu amri. Unakanyaga mara tatu. Na mteremko anateremka na gia. Asitoe gia kamwe."

Salamu zilifikishwa wakiwa njiani kurudi. Phineas alisimamisha gari katikati ya barabara.

"Mama yako amesema nini?"

Nanjala akarudia, neno kwa neno, anatabasamu.

"Mama yako anayepimia maji kwa kibuyu ndiye atanifundisha gari la Italia?"

"Lakini Baba Risper, baba yangu ndiye..."

"Baba yako alikuwa mtu wa trekta." Akakohoa kile kikohozi cha ofisi. "Hayo maneno nisiyasikie tena. Mtu yeyote Kakamega akijua, wewe na mimi tumemalizana. Umeelewa?"

Alielewa. Aliumia, lakini akampa ahadi kwamba hatasema. Wanawake wa wakati ule walikuwa wanafunika aibu za waume mpaka zinawachoma mikono.

Na Phineas alivyokuwa anaendesha, sijui niwaambieje. Akifika mteremko anatoa gia, anaweka fri, ati gari liteleze lenyewe kama la mashindano. Nguo za watu zilizoanikwa kando ya barabara zinajaa vumbi. Breki anazigusa kwa ncha ya kiatu, asikunje ngozi. Nanjala alimwomba amfundishe kuendesha, maana alipokuwa msichana baba alimruhusu kushika trekta. Phineas akacheka mpaka jirani akasikia.

Baada ya miezi miwili, Khalayi akatuma neno la pili kupitia binti. Safari hii lilikuwa swali.

"Mama anauliza, breki umeziangalia lini?"

"Mwambie mama yako aulize ng'ombe wake."

Ndiyo hivyo alivyojibu, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Mama mkwe! Mtu ambaye kwa mila hata kivuli chake unakipisha.

Nanjala hakulipeleka hilo jibu. Badala yake, Jumamosi Phineas alipolala mchana, alivaa gauni la zamani, akachukua spana, akaingia chini ya gari. Alikaza breki gurudumu baada ya gurudumu, kama alivyomwona baba akifanya kwenye trela la mahindi. Alipotoka na grisi mpaka kwenye paji la uso, akamkuta Phineas amesimama mlangoni anamwangalia.

"Unafanya nini chini ya gari langu?"

"Nimekaza breki tu."

Phineas akageuka. Akaingia ndani.

Kesho yake ndiyo ile Jumapili.

Haya, turudi kwenye mteremko.

Phineas alikuwa ametoa gia, kama kawaida yake. Watu wamejaa kando ya barabara, naye anawapungia mkono. Kasi ikazidi. Akakanyaga breki mara moja, kanyagio likazama mpaka chini.

Breki zimekufa, akajiambia moyoni.

Mara moja tu, wapendwa. Alikanyaga mara moja, akaruka.

Nanjala alijivuta kwenye kiti cha dereva, magoti yakagonga usukani. Daraja lilikuwa linakuja. Lilikuwa la mbao, jembamba, na mama mmoja na mbuzi wake walikuwa katikati. Akasikia sauti ya baba yake, jinsi alivyokuwa anasema akiwa amekaa kwenye trekta, bila haraka.

Ya kwanza salamu. Kanyagio likazama.

Ya pili swali. Likazama nusu.

Ya tatu amri.

Gari likashika. Lilitetemeka lote, likanuka moto, likapunguza... likapunguza... akavuta handbreki taratibu, likasimama hatua kama ishirini kabla ya daraja. Mbuzi akaliangalia, akaendelea na safari yake.

Nanjala akashuka. Akatafuta jiwe, akaliweka mbele ya gurudumu. Halafu akakaa juu ya hilo jiwe na kulia.

Gari halikuwa na mkwaruzo, wala Nanjala. Aliyeumia ni mmoja. Phineas alitua katikati ya shamba la viazi la Jescah, mjane mwenye duka dogo pale kando ya barabara. Kifundo cha mguu kikavimba kama kiazi chenyewe.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu wetu guu liliteguka tu, kwa huruma ya viazi vya watu.

Jescah akamwendea na jembe mkononi.

"Shemeji, umeruka ukamwacha nani ndani?"

Hapo ndipo Phineas angesema, "Nilikosea." Neno moja tu. Angelisema, hii hadithi ingeishia hapo na nisingekuwa na la kuwaandikia.

Mwajua alisema nini?

"Huyo mwanamke amekata breki. Alitaka kuniua."

Nilipoambiwa sehemu hii mara ya kwanza, niliomba maji ya kunywa.

Kufikia jioni Khayega yote ilikuwa na habari. Kufikia Jumanne, Kakamega mjini. Mwalimu Nanjala alionekana chini ya gari na spana, siku moja kabla. Shuleni mwalimu mkuu akamwambia apumzike nyumbani kwanza. Kanisani wanawake wakasogea mbali naye kwenye benchi. Phineas akaitisha kikao cha ukoo. Alitaka Nanjala arudishwe kwao Lugari, na Risper, mtoto wa miaka mitatu, abaki kwa baba yake.

Hilo la Risper ndilo lililomkosesha Nanjala usingizi. Kuitwa muuaji angeweza kuvumilia. Mtoto, hapana.

Kikao kilifanyika Jumamosi iliyofuata, asubuhi, uani kwa kina Phineas karibu na Khayega. Viti vimepangwa. Gari jekundu limewekwa katikati kama mshtakiwa wa pili. Aliyeongoza ni Joash, baba mdogo wa Phineas, mzee wa maneno machache aliyewahi kuwa askari.

Kwa mila, upande wa mke lazima usikie binti yao anashtakiwa nini. Kwa hiyo Khalayi alifika kwa basi na shemeji yake mmoja. Shemeji akakaa na wanaume. Khalayi akapelekwa nyuma ya jikoni na wanawake, mkwe wake asimwone.

Phineas akasimama akiegemea bakora, ya kutafutia huruma.

"Mimi nimempa huyu mwanamke kila kitu. Nyumba ya serikali. Gari la Italia. Akaingia chini na kukata breki."

Joash akamgeukia Nanjala.

"Mwanangu, ulikuwa chini ya gari?"

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Nanjala akamwangalia mume wake. Alikuwa bado anaishika ile ahadi, mnaamini? Alimwangalia kwa muda mrefu, kama anamwambia: sema wewe, nisikuaibishe. Sema baba yangu ndiye alilitengeneza, sema uliambiwa juu ya breki.

Phineas akaangalia viatu vyake.

"Nilikuwa nazikaza," Nanjala akasema.

"Nani alikufundisha?"

Nanjala akakodolea macho lile gari.

Phineas akacheka kwa pua. "Mnaona? Mwanamke wa chaki anakaza breki za Italia."

Joash akasugua kidevu.

"Phineas. Breki zilikatwa kabisa?"

"Kabisa, baba."

"Basi gari lilisimamishwa na nini?"

Watu wakamgeukia Phineas. Akahamishia bakora mkono wa pili.

"Mteremko... uliisha."

"Haukuisha," Jescah akadakia kutoka kwa akina mama. "Daraja lilikuwa mbele bado. Na viazi vyangu nani atavipanda tena?"

Kicheko kikaanza, lakini Joash akainua mkono. Bado kulikuwa na swali la spana, na Nanjala alikuwa amenyamaza, na mtu anayenyamaza kwenye kikao amejifunga mwenyewe.

Hapo ndipo Khalayi alipotoka nyuma ya jikoni.

Leso hakuifunika usoni. Aliifunga kiunoni.

Wanawake wakashika midomo. Shemeji yake akasimama, akakaa tena. Phineas, kuona mama mkwe anamjia wazi wazi, aliinuka akimbie. Kumbukeni, tena na mguu ulioteguka.

"Kaa chini," Khalayi akasema.

Akakaa.

Khalayi alipita mbele ya wanaume wote, akafika kwenye gari, akatoa kisu cha jikoni kwenye mkunjo wa leso. Akapasua kiti cha abiria, ngozi ikafunguka raaa. Akaingiza mkono, akavuta kilichokuwa ndani.

Lilikuwa gunia la mahindi, na muhuri wake mweusi bado unasomeka: jina la shamba, na chini yake, LUGARI.

"Hii ndiyo Italia," akasema.

Akalitupa miguuni pa Phineas.

"Mume wangu Patroba aligonga hili gari, mimi nikashona viti. Huyu aliambiwa, akamfunga binti yangu mdomo. Mnamwona alivyonyamaza? Anamfunikia aibu mtu aliyemwacha afe."

Hakuna aliyekohoa, hata Phineas.

"Mzee wangu alikuwa na neno juu ya hizo breki," Khalayi akaendelea, na sasa alikuwa anamtazama mkwe wake machoni, kitu ambacho uani pale hakijawahi kuonekana. "Ya kwanza salamu. Nilikutumia salamu, ukazicheka. Ya pili swali. Nilikutumia swali, ukasema niulize ng'ombe."

Nanjala akashtuka. Hakuwahi kupeleka lile jibu. Kumbe jirani aliyesikia alikuwa na shangazi Lugari. Kakamega hii, maneno hayahitaji gari.

"Leo nimekuja mwenyewe na ya tatu. Mtoto anabaki na mama yake. Binti yangu anabaki nyumbani kwake. Na huo usukani utampa yeye. Wewe jifunze kwanza kukaa ndani ya gari."

Akafunika uso kwa leso, akarudi nyuma ya jikoni kama vile hakuna kilichotokea.

Joash akainama, akaokota lile gunia na kulikunja vizuri.

"Umesikia amri," akamwambia Phineas. "Na kwa vile umemlazimisha mama mkwe avunje heshima mbele za watu, utampelekea blanketi. Mwenyewe. Na huyo Jescah utampandia viazi vyake. Kikao kimekwisha."

Shuleni Nanjala alirudishwa Jumatatu. Baada ya wiki sita akapata leseni, mara ya kwanza tu alipojaribiwa. Phineas alikuwa amejaribiwa mara nne kupata yake. Hiyo nimeichimbua mwenyewe.

Blanketi likanunuliwa, jekundu, zito. Siku ya kulipeleka Lugari ilipofika, Khalayi alikuwa Kakamega amekuja kumwona mjukuu, naye alikuwa anarudi nyumbani. Nanjala akawasha gari. Akazikanyaga breki mara tatu kabla ya kutoka. Khalayi akapanda kwenye kiti chake alichokipasua na kukishona upya, uso amefunika kwa leso, akampakata Risper.

Phineas akasimama pale na blanketi lake begani, anaangalia viti.

Viti ni viwili, na kwenye kimoja amekaa mama mkwe.

"Utapata basi, Baba Risper," Nanjala akamwambia, bila ubaya wowote, akaingiza gia.

Hiyo ndiyo picha iliyoko ukutani kwetu, mpiga picha wa mjini aliipiga: gari jekundu linaondoka, na nyuma kabisa, kwenye vumbi, mtu mmoja wa suti amekumbatia blanketi.

Naijua kwa sababu yule mtoto Risper ni mama yangu. Nanjala ni nyanya yangu, na mpaka juzi alikuwa anakanyaga mara tatu hata akipanda gari la kisasa. Na Phineas, naam, ni babu. Yuko hai. Ana miaka tisini na mbili. Ukimuuliza juu ya ile Jumapili, anakohoa kwanza, halafu anakuambia alipeperushwa na upepo.

Funzo? Kuwa na gari la kuiga si aibu, Patroba, babu wa mama yangu, aliliiga vizuri na likaokoa binti yake. Lijue ni la nini, lina breki za nini, uliendeshe kwa uwezo wake. Na ukiambiwa jambo kwa salamu, sikia hapo hapo.

Ya tatu inakujaga na kisu.